Mzee wa Steji ya Tatu

Ninakatisha tiketi za mabasi hapa Muleba, na kazi hii haimtaki mtu wa "labda". Ukiniuliza kama gari la Biharamulo limeshapita, nitakujibu ndiyo au hapana papo hapo, hata kama nilikuwa nimegeuka. Na kama kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kunibishia, ni ile gemu.

Baba alituletea mashine ya kuichezea nyumbani Kemondo, enzi zile akifanya kazi bandarini, pamoja na kaseti moja tu. Jamaa mfupi mwenye mfuko mgongoni anakimbia, anaruka mashimo, anakwepa nyuki, anaokota matunda. Wadogo zangu walikuwa wanafia steji ya pili. Mimi niliimaliza mpaka mashine ikapata moto. Bado ninayo, na siku hizi binti yangu wa darasa la sita ndiye anayeicheza. Humkosoa nikiwa jikoni, kwa kusikia mlio tu.

Mwaka huu mama yangu aliteleza shambani Izimbya akikata mkungu wa ndizi, akavunjika mguu. Madaktari wa Bukoba wakamtia chuma. Alipotoka hospitali nilisema atakaa kwangu mpaka apone. Nilisema, sikuomba. Haukupita muda akaanza: nirudishe kwangu, mguu umepona, kibanja changu kinaliwa na magugu. Nikamwambia hupandi gari lolote mpaka daktari akuone tena, na magari yote ya barabara hii nayajua mimi. Akakunja nguo zake, akafunga mfuko na kuuweka karibu na mlango.

Jumamosi moja akatangaza kwamba kesho yake, baada ya misa, atakwenda kusimama barabarani mwenyewe. Namjua, angesimama. Daktari alikuwa ametuonya sote wawili kwamba mguu ule ukiharibika tena utakatwa, na mama alimjibu kwa heshima zote, "Ego, waitu," yaani ndiyo, bwana, kana kwamba anaambiwa habari za mguu wa jirani. Niliogopa kweli, ingawa sura yangu haikuonyesha.

Mchana huo mvua ilinirudisha nyumbani kutoka stendi. Binti yangu alikuwa ameshakufa mara kadhaa steji ya tatu, nami nikamnyang'anya pedi ya kuchezea nimwonyeshe kazi. Mama alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, anatazama.

"Nyie," alisema. "Mbona mnampita mzee?"

Steji ya tatu kuna mzee mwenye ndevu nyeupe, ameketi kando ya jiwe kubwa. Hapigi mtu, hatoi kitu.

"Huyo ni pambo tu, mama."

"Pambo? Mzee ameketi mlangoni kwake, wewe unamruka juu ya kichwa, halafu ni pambo? Rudi umwamkie."

Binti yangu alicheka mpaka akalala sakafuni. Kipo kitufe cha chini, ambacho humfanya jamaa apige magoti ili nyuki wapite juu yake. Basi nikarudi mbele ya mzee, nikakibonyeza, jamaa akapiga magoti, nikamwinua.

"Bado! Hata hajakuuliza habari za nyumbani."

Nikabonyeza tena na kushikilia. Mama akaanza salamu kwa Kihaya, akizungumza upande wa jamaa na upande wa mzee: mmeshindaje, watoto wazima, mvua imewafikia, migomba inasemaje. Kidole gumba kikaanza kuniuma. Alipofika kwenye habari za ng'ombe, mzee akasimama.

Maawe! Miaka yote ile hakuwahi kusimama. Akasukuma jiwe, shimo likafunguka, na jamaa akatumbukia kwenye steji ambayo sijawahi kuiona maishani: matunda kutoka juu mpaka chini, muziki mwingine kabisa, na nyuki hata wa dawa hakuna. Binti yangu alipiga kelele, na mimi nikampita kwa kelele. Aliyeitengeneza gemu ile sijui alilelewa wapi, lakini alilelewa.

Mama peke yake hakushangaa. "Mtu hawezi kukuambia mambo yake na wewe unakimbia," alisema.

Alikuwa anamsema jamaa wa kwenye gemu, lakini maneno yalinichoma mimi. Kila asubuhi nilikuwa nikimwambia shikamoo huku nafunga viatu, na jibu lake linanikuta getini. Nikaweka pedi chini. Nikapiga magoti kwenye sakafu, na suruali yangu ya jinzi, nikamwamkia kwa Kihaya kama alivyonifundisha mwenyewe.

Umeshindaje? Vizuri. Wa nyumbani? Wazima. Kwetu jibu la kwanza huwa zuri hata kama nyumba inaungua. Ndiyo adabu, na kila mtu anajua kwamba habari yenyewe iko mbele. Na mguu? Mzuri. Sikuinuka. Nikauliza mvua, nikauliza migomba aliyoiacha, nikarudi kwenye mguu.

Mama akatazama dirishani. "Unaniuma," alisema. "Kidonda kinatoa usaha. Nilitaka nikafie kwangu."

Nikafunua kitenge, nikaona. Mguu haukukatwa, niseme mapema msipate presha. Lakini siku ile sikulijua hilo, nikamfunika polepole.

Kesho yake gari la kwanza la Bukoba nililisimamisha mimi, na viti vya mbele nikavikatia tiketi mimi. Hospitalini daktari aliingia mbiombio, faili mkononi.

"Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje?"

"Mzuri, waitu," mama akajibu.

Daktari akaanza kuandika.

"Daktari," nilimwambia, "vuta kiti kwanza."