Risasi Alizozitupa Nasoro

Waliomchafulia Beatrisi jina hawakuwa wageni. Ni wavuvi wa mwalo uleule wa Rumonge ambao kwa miaka tisa alikuwa akiwachajia betri za taa za kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani. Juma moja lilitosha. Walipita mlangoni pake, betri begani, wakielekea sokoni kwa Nasoro fundi redio, wasimsalimu hata kwa amahoro.

Kosa lake ni kufanya kazi vizuri.

Lukeba, mzamiaji kutoka Uvira anayeopoa injini na nyavu zilizozama, alikuwa na skuta ya majini: kitu kama ndoo ndefu chenye panga nyuma, kinachomvuta mtu chini ya maji ili asichoke wala kumaliza hewa ya mtungi. Ndani mlikuwa na betri nzito, jamaa ya betri za magari. Mbalamwezi ilipofika na wavuvi wakapumzika, Lukeba naye akapumzika, betri akaiacha tupu. Ikafa. Betri ya namna hiyo ukiilaza na njaa haiamki. Akampelekea Beatrisi.

Beatrisi hakusoma. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania wenzake walikwenda shule, yeye akabeba wadogo zake mgongoni. Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe na kwa kuunguza vidole. Alitafuta kompyuta mpakato mbovu, akatoa betri zake ndogo za mviringo, akazijaza, akaziacha siku saba, zilizovuja nguvu akazitupa. Alizounganisha zilishinda ile ya zamani kwa nguvu, ila uzito ulikuwa robo tu. Na skuta nyepesi huelea, ikamburuta mtu juu. Basi akachukua vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, akavifunga ndani kimoja kimoja, akiijaribu skuta katika pipa la mawese alilolijaza maji ya ziwa, mpaka alipoiachia katikati ikabaki palepale, haipandi, haishuki.

"Hizi risasi zisitolewe," alimwambia Lukeba. "Zina kazi yake."

Miezi miwili skuta ikaenda kama samaki. Kisha swichi ikakwama siku Beatrisi yuko msibani Kigwena, na Lukeba akaipeleka kwa Nasoro.

"Ee, mwanamke kapika supu ya takataka humu!" Nasoro akacheka, akazitupa risasi zote.

Kesho yake, mita ishirini chini, skuta iliyofungwa mkandani ilimpandisha Lukeba kwa kasi. Alitoka damu puani, kifua kikiwaka moto. Kabla hajaweza kusema, Nasoro alikwisha kusema: "Betri za yule mama ni bomu. Mtakufa."

Siku ya tano Lukeba alikuja, skuta mkononi. Beatrisi akaifungua. Betri imo, risasi hakuna hata moja.

"Nimeshaelewa, Mama Ineza," Lukeba akasema, akimwita kwa jina la bintiye. "Niwekee tena. Kuna injini iliyozama Gitaza inaningoja."

"Nitaweka. Kwanza twende mwaloni useme nani alizitoa."

"Nasoro ni shemeji ya mwenye mitumbwi. Nitakosa kazi. Mimi na wewe tunajua, haitoshi?"

"Wewe umeumwa siku nne, ukaletewa uji na pole. Mimi nani kaniletea uji?"

"Lakini mimi nakuheshimu kama dada yangu."

"Heshima ya kunong'ona! Kampe mkeo."

Akaifunga skuta, akaibeba kichwani hadi mwaloni, Lukeba akimfuata, wanawake waliokuwa wakianika ndagala wakasimama kutazama. Akaitupa majini. Ikaelea, ikicheza juu ya mawimbi kama dumu tupu.

"Bomu liko wapi?" akauliza. "Kitu hiki kilikuwa kinakaa chini. Nani kakifanya dumu?"

Wavuvi wakamgeukia Lukeba. Upepo ulikuwa ukiisukuma skuta kuelekea kilindini, naye bila ile skuta na bila mikono ya mama huyu hana Gitaza.

"Risasi zilikuwemo," akasema, macho chini. "Nasoro alizitoa."

"Sauti!"

"Nasoro alizitoa! Betri haikuwa na kosa."

Mmoja akakohoa, mwingine akajifanya anakunja wavu. Mwisho Shabani, aliyekuwa wa kwanza kuhamia sokoni, akauliza kama jioni anaweza kuleta betri zake mbili.

"Leteni," akasema Beatrisi, maana kazi ni yake na hakuna wa kumnyang'anya. Alingoja kidogo, mikono kiunoni. Pole haikutoka kwa yeyote, naye hakuwaambia kwamba si neno.