Bata wa Tlawi Walioshindwa Kutotoa

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Tlawi, wilayani Mbulu, bado inauma masikio. Konsolata Tluway amechuchumaa mlangoni mwa banda lake la bata. Anamsogeza kuku anayeatamia, anachomoa yai la bata chini yake na kulimulika kwa tochi ya simu. Ndani inaonekana mishipa myekundu.

"Huyu yumo," anasema, akilirudisha. Kuku anamdonoa mkono. "We nawe! Hata si mwanao."

Mwaka juzi, mayai yasiyo na mishipa hiyo nusura yamkosanishe na kijiji kizima.

Alianza na bata wa kienyeji, wale wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele. Kisha akanunua mnadani majike weupe wenye mdomo wa njano, wapiga kelele wakubwa, akawachanganya na dume lake.

Hakuwa mjinga. Wafugaji wa Mbulu wamezoea kumpandisha ng'ombe wa kienyeji kwa dume la kisasa. Ndama anakuwa mkubwa, na ndama huyo naye anazaa.

"Nikasema, bata si hivyo hivyo?"

Vifaranga walikua wanene kupita wazazi wao. Mjini Mbulu mmoja alifika hadi shilingi elfu thelathini. Majirani wakatamani. Konsolata akafanya kama watu wa huku wanavyowekeana ng'ombe: akawapa wanawake sita jike mmoja mmoja wa uzao huo wamtunze. Akitotoa, nusu ya vifaranga inarudi kwake. Hakuna aliyeandika kitu, neno lilitosha.

Majike wakataga. Kuku wakaatamia mpaka wakakonda. Hakikutoka hata kifaranga kimoja.

Rahel, mmoja wa wale sita na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimvaa bombani mbele ya watu. "Umetupa wagumba ili tusikufikie! Mbona wa kwako wanazaa?"

"Wa kwangu walikuwa wanazaa kweli," anasema Konsolata. "Tangu siku hiyo, hata kanisani nilikaa benchi peke yangu."

Jibu lilikuja na Mwita, afisa mifugo kutoka Tarime, alipopita kuchanja kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, niangalizie hawa bata, wamenitia aibu."

Mwita aliwatazama, akawatazama na wazazi wao, akacheka. Alimweleza kwamba ng'ombe wa kienyeji na wa kisasa wanapishana sura tu. Ni spishi moja. Hawa wawili wote wanaitwa bata, lakini ni spishi mbili. Ni kama punda na farasi: mtoto anapatikana, tena mwenye nguvu, ila yeye hazai.

"Mama, usitazame kama wanapandana," alimwambia. "Usitazame hata kama wamepata mtoto. Subiri mjukuu."

Mwita anasema kipimo hicho hakimalizi kila kitu. Wapo wanyama wa spishi mbili ambao watoto wao huzaa vizuri tu, na wataalamu hupima pia vinasaba, husikiliza sauti, na bado hubishana. "Lakini kwa banda la mama huyu, kinatosha."

Wengi wangejificha nyuma ya maneno ya mtaalamu. Konsolata alipita nyumba zote sita. "Nimekosea mimi," alisema. Aliwaambia wawachinje majike hao, wale nyama, akampa kila mmoja jike halisi wa kienyeji, bila kudai nusu. Watano walipokea. Rahel alifunga mlango.

Banda likabaki karibu tupu. Mumewe, Hermani, akang'aka: "Umegawa bata wote kwa sababu ya maneno ya bombani?"

"Bata nitafuga wengine. Rahel nitamfuga wapi mwingine?"

Leo ana mabanda mawili, kila spishi na lake, na wavu katikati. Machotara bado anawazalisha, ila kwa nyama tu, na kila mnunuzi anaambiwa. Mpango wake ni kupeleka majike halisi hadi Endagikot, kwa utaratibu uleule wa kuwekeana.

Tukiwa bado tunaongea, mtu anapiga hodi. Ni Rahel, kapu mkononi, macho chini.

"Nimekuja kumchukua bata wangu."

Konsolata anaingia bandani, anatoka na jike. Rahel anampokea, anamgeuza huku na huku.

"Mama yake yuko wapi?"

Konsolata anamwonyesha.

"Na baba?"

Anamwonyesha. Rahel anawalinganisha kwa macho, pole pole, kisha anamtia bata kapuni.

"Haya. Akitotoa nitakuletea nusu yako."

"Sikudai nusu, Rahel."

"Nimesema nitaleta."

Konsolata anamsindikiza hadi barabarani.