Sutien yangu ya bukari

Hapa Bel-Air banasema mimi ni kiti ya nyumba, sitokake. Sasa sitatoka tena kabisa.

Tangu pillage, wakati balipora muji yote, maduka iko tupu, na baaskari ku barière ya barabara bananyanganya unga ya kila mama. Jana nilijaza unga mu soksi mbili, nikashona moja kila upande ndani ya sutien, sidiria yangu ya mitumba. Ilikuwa bukari, ugali ya batoto ya mangaribi. Ku barière askari mumoja akanipisha na heshima: "Pita, Maman." Nikapita na kiburi!

Ku bomba ya maji, jirani yangu Mama Ngalula akapaza sauti mbele ya bamama bote:

"Ma! Kifua hiyo ulitoa wapi? Siye hata sabuni hatuna, we unazidi kupendeza!"

Sifa ikanilewesha. "Chagua ya mitumba, mupenzi, ni bei rahisi. Angalia tu mukanda iko nguvu. Unavuta hivi..."

Nikavuta. Uzi ikakatika. Unga ya soksi moja ikamwangika yote mu matope, upande moja ya kifua ikalala.

Bamama bakacheka mpaka kushika tumbo. Mama Ngalula akainama, akaona ni nini, akaacha kucheka.

"Usiguse ile ingine," akaniambia polepole. "Batoto batakula hiyo."