Pumzi ya Fundi Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Tangu usichana alikaa mbele ya cherehani, pini zimebanwa midomoni, akiwapima wenzake viuno na kuwasema kwa macho walionenepa. Siku hiyo, kitandani katika zahanati, hakuwa na la kumsema mtu. Mtoto alishatoka salama, lakini kondo la nyuma liling'ang'ania tumboni, na damu haikatiki.

"Lazima niingize mkono nilitoe," mkunga alisema. "Daktari wa usingizi yuko mbali, na damu haimsubiri. Tuna gesi ya kucheka tu."

"Acheke nini sasa?" mama mkwe wake, aliyesimama kando ya kitanda, alifoka.

"Hatacheka, mama, wala hatalala. Maumivu yatakuwepo, ila atayasikia kwa mbali. Fundi, anza kuvuta sasa hivi. Inachukua muda kupanda kichwani."

Fundi akaushika mrija wa gesi, akauuma. Mkono wa mkunga ulipoingia, aliona anapasuliwa kwa mkasi butu. Akarusha teke, mkunga akachomoa mkono. Damu ilishafika sakafuni.

"Gesi haimshiki," mkunga alisema.

Mama mkwe alimkazia macho mkwewe. Midomo imeubana mrija, pua ndiyo inayohema.

"We mwanamke, hizo si pini. Vuta kwa mdomo." Akambana pua kwa vidole viwili.

Hapo gesi ikapita, mrija ukaanza kulia, tak, tak, kila akivuta. Miguu ikawa mizito. Maumivu yakawa kama ugomvi wa nyumba ya jirani: kelele anazisikia, ila hazimhusu. Mkono wa Fundi ukalegea, mrija ukamponyoka. Mama mkwe akaudaka amrudishie mdomoni.

"Usimshikie," mkunga alisema. "Akilewa, mkono unaanguka wenyewe, anavuta hewa ya kawaida, anazinduka. Ukimshikia wewe, hatujui atafika wapi."

Mama mkwe akauachia. Akabaki kutazama ule mkono uliolala, hadi ukapapasa shuka, ukaurudisha mrija mdomoni.

Mkunga akazamisha mkono tena. Safari hii Fundi hakurusha teke wala kutoa sauti. Kisha akalitoa kondo, akaligeuzageuza kuona kama limekamilika, akalikandamiza tumbo. Damu ikapungua, ikawa matone.

Gesi haikai mwilini. Pumzi chache bila mrija, maumivu yote yakarudi, na Fundi akaangua kilio.

"Lia, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ukinyamaza ndiyo naogopa."