Kumsonya Mjukuu Tuisheni

Mjukuu wangu ni nesi, na ili aajiriwe nje lazima afaulu mtihani wa Kiingereza. Juzi nilimsindikiza tuisheni, Kijenge, hapa Arusha. Maswali ya misemo ya Wazungu aliyajibu yote bila kusita.

"Sasa kuongea," mwalimu akasema. "Jisifu. Hapo ndipo penye maksi."

Mtoto akavuta pumzi, akakimwaga Kiingereza. Mwalimu akanigeukia akicheka. "Bibi, anasema wodi nzima hakuna anayemfikia!"

Nikasonya. Sikukusudia jamani, lakini kwetu anayejisifu husonywa, hata awe mtoto wa nani. Mjukuu akanyamaza papo hapo. Alipoulizwa tena, akanitazama mimi kwanza.

"Bibi, naomba ukasubiri nje," mwalimu akasema kwa upole.

Nikatoka, uso unaniwaka. Sisi wazee tunawaziba watoto midomo tangu wananyonya, halafu wakifeli tunasema ni wazito wa lugha.

Kupitia dirisha nikasikia sauti ya mjukuu inapanda. Muuza ndizi akaniamkia, "Shikamoo bibi, unamsubiri nani?"

"Marahaba. Namsubiri nesi bora Arusha nzima."

Nilisema kwa sauti ya chini, nikiangalia pembeni. Na mimi sijazoea.