Kidole Huoshwa Kwanza

Mjomba Loth alikuwa na habari za nesi wa Katandala ambazo, kwa kiapo chake, hata padri aliyezoea vituko vya kitubioni asingezisadiki. Nesi yule haanzi na wakubwa. Humsalimu mtoto, kisha humwosha kidole polepole kama ulezi wa pombe ya harusi, maana vumbi la madini ya risasi likibaki kwenye ngozi, kipimo kitadanganya. Hukifumbata kiganjani kipate joto, kwa kuwa kwa baridi ya Sumbawanga damu haitoki, ndipo hukidunga. Mtoto akilia, sauti ya nesi huzidi kushuka.

Leo alimpima tena Avelina, mpwa wa Loth, mtoto wa miaka mitatu aliyeanza kupoteza maneno. Akatazama mashine, akamgeukia Loth. Sumu ya risasi katika damu ilikuwa imepanda.

“Mjomba, bado unayeyusha risasi ya betri pale uani, kwa ajili ya vizito vya nyavu?”

“Mimi, sista? Niliacha siku ile ile ulipompima mara ya kwanza. Sufuria ya kuyeyushia niliipeleka Kipili mwenyewe, nikaitosa ziwani, samaki wakakimbilia Kongo, na tangu hapo mikono hii haijagusa hata—”

Nesi alikuwa ameshaushika mkono wake, anauosha, na beseni limeanza kuwa jeusi.