Tonton Déo, umeondoka Jumanne, tumeshinda Jumamosi

Akili yangu bado inagoma, jamani. Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie Tonton Déo tuijadili mechi, jina lake tayari liko kwenye skrini, ndipo nikakumbuka kwamba jana tulikuwa msibani kwake.

Kwa msiomjua: alikuwa msafishaji wa chuo ninachofanyia kazi hapa Brussels, mtu wa Lubumbashi, na shabiki namba moja wa timu yetu ya mpira ya wanafunzi. Namba mbili ni mimi. Namba tatu hayupo.

Tulijuana kwenye korido ya ofisi. Nilikuwa naongea na mama yangu Dodoma, yeye akatua ndoo: "Eh! Ma fille, uko mutu wa wapi weye?" Tangu siku hiyo mimi nikawa "ma fille", binti yake, na yeye tonton, mjomba wangu wa Ulaya.

Jumamosi ya kwanza aliyonipeleka uwanjani, kule Anderlecht, mvua na upepo, alishangilia kipindi kizima mpaka sauti ikakauka. Half-time kapteni wetu Sami akaja taratibu kumweleza kwamba jezi zimebadilishwa, sisi ndio wenye bluu iliyokolea. Alikuwa anawashangilia wapinzani!

Hata hakuona aibu. "Bon, tumebapatia kipindi moja ya bure. Sasa tunaanza."

Kushindwa hakukuwa kwenye kamusi yake. Tuko nyuma bao nne, zimebaki dakika tano, yeye ananinong'oneza: "Bale batoto banatuogopa."

Mimi ni kinyume chake. Mechi haijaanza nimeshaandaa maneno ya pole. Alinicheka sana, eti kazi za ofisini nazileta hata mpirani: "Weye unafanyaka administration mpaka ku ballon!"

Wachezaji wengi hawakuelewa Kiswahili chake, wala yeye hakujali. Kipa wetu Mbelgiji alijua neno moja tu, "Songa!", na alilitii.

Jumanne moyo wake ulisimama, nyumbani, akivaa viatu aende shift ya asubuhi. Mkewe, Maman Béa, alinipigia mwenyewe. Sikumbuki nilimjibu nini.

Halafu ikaja hii. Jumamosi saa nane mchana, kilio cha familia, yaani msiba wenyewe, ukumbini, na ndugu wanatoka mpaka Ufaransa. Jumamosi hiyohiyo saa nane, mechi ya mwisho ya msimu. Tusiposhinda, tunashuka daraja.

Mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya timu, kwa hiyo niliwaandikia waandaaji wa ligi kuomba isogezwe. Email yao ilikuwa na mstari mmoja: ratiba haibadiliki.

Vijana walitaka kuiacha mechi. Alhamisi nikaenda kwa wafiwa kuomba ruhusa ya kucheza.

Kaka mkubwa wa marehemu, Papa Ilunga, hakuningoja nimalize. "Mutu amekufa, na nyie munawaza ballon? Kwetu bantu habaachaka kilio juu ya ballon!"

Na alisema kweli. Hata kwetu Dodoma ningeonekana sina adabu.

Maman Béa alikuwa amekaa chini kwenye godoro, kitenge kichwani. Akainua uso. "Papa Ilunga, pardon. Déo mwenyewe, kilio yake iko samedi, match iko samedi. Angeenda wapi?"

Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo haraka.

Papa Ilunga akanigeukia. "Muende. Lakini musituletee aibu. Mutashinda?"

Na mimi, mtu wa kuandaa pole, nikasikia mdomo wangu unajibu: "Tutashinda, papa." Nilisema kama mtu mwenye uhakika. Sikuwa nao hata kidogo.

Sijawahi kuiogopa mechi hivyo. Tukifungwa, nimemwacha rafiki yangu siku ya kilio chake ili nikaangalie kipigo, na nimemdanganya kaka yake mbele ya wafiwa.

Kipindi cha kwanza tulikuwa nyuma, moja bila. Nilisimama peke yangu kwenye mstari na sikuwa na wa kuniambia kwamba wanatuogopa. Basi nikasema mwenyewe. Nikapiga kelele kwa sauti yangu hii ya kupokea simu ofisini mpaka refa akanitazama.

Kipindi cha pili Sami akasawazisha kwa kichwa. Bao la pili lilitoka kwenye kona, mwisho kabisa, watu wamebanana golini, mpira huo ndani. Filimbi! Mbili moja. Daraja limebaki letu!

Hatukuoga. Tulipanda metro na matope yetu, abiria wanatukwepa, moja kwa moja mpaka ukumbini. Papa Ilunga alikuwa mlangoni.

"Ngapi?"

"Deux-un, papa."

Akamshika Sami mkono, akampitisha katikati ya wazee wote mpaka mbele, kwenye picha ya mdogo wake. "Alors, umuelezee. Tangu mwanzo."

Sami akaeleza, kwa Kifaransa, shambulizi kwa shambulizi, ukumbi mzima unasikiliza. Maman Béa alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nililia tu.

Tonton, inauma. Nitakulilia muda mrefu, na unisamehe nikifanya hivyo saa za kazi. Ulinifundisha kusimama kwenye mvua kwa ajili ya watoto wa watu, na sasa nawaona kama wa kwetu.

Kuna kitu kimoja Sami alikiruka mbele ya picha yako. Nakuambia hapa kwa sababu najua waandaaji hawasomi Kiswahili: kwenye bao la pili mpira aliugusa kwa mkono. Kidogo tu. Kama huko uliko wanaonyesha marudio, wewe funga macho, Tonton wangu, ulale salama.